Majani Matatu Getini

Hoteli iliyo mwisho wa mtaa wetu ina beji. Ni kibao cha duara, cha kijani, kilichochorwa majani matatu, na kimepigiliwa kwenye geti ambalo Nyanya yangu haruhusiwi kupita. Maana ya majani hayo, kama tulivyoelezwa na watu wazima waliovaa vitambulisho shingoni, ni kwamba hoteli inaitunza pwani. Jani moja ni kujitahidi, mawili ni vizuri, matatu hakuna zaidi. Mbuzi wa jirani yetu hula majani mengi kuliko hayo kabla hatujaenda shule, na hakuna aliyewahi kumpigilia kibao.

Naandika haya nikiwa kidato cha tatu, Likoni, na nina hasira. Mwalimu wetu wa Kiswahili husema kwamba insha ya hasira hupoteza alama. Sawa, azikate. Hoteli imepewa alama zote, na mimi nilikuwepo zilipokuwa zikitolewa, nimekaa kwenye mkeka, natafuna nyama.

Nianze na njia. Kati ya ukuta wa hoteli na kiwanja kitupu kilichozungushiwa mabati palikuwa na kichochoro cha mchanga kinachoteremka pole pole mpaka ufukweni. Upana wake ulitosha watu wawili waliobeba sufuria kubwa, kila mmoja na sikio lake. Hakikuwa na jina wala kibao. Ukiambiwa "pitia njia ya pwani", ulijua. Nyanya alikipita tangu alipoletwa mtaa huu akiwa bibi harusi, na alipoanza kuumwa na magoti ndipo alipokipita zaidi. Maji makuu ya bamvua yakishatoka, hubaki vidimbwi vya maji yaliyopashwa moto na jua kwenye mwamba, naye huingia kimoja akaketi humo na buibui lake, maji yanamfika kifuani, katulia kama sufuria iliyoachwa jikoni. Akirudi nyumbani hutembea kunishinda mimi.

Njia nyingine ya kufika chini ni jabalini, ngazi zilizochongwa na wavuvi wa zamani, kila moja na kimo chake, zote zina utelezi. Mimi nimeteleza pale nikamwita mamangu kwa sauti ambayo bado nachekwa nayo, na magoti yangu ni mapya. Kwa Nyanya, kumwambia apite jabalini ni sawa na kumwambia asiende. Kwa hiyo jambo lenyewe ni dogo na liko hapo lote: kichochoro kikifungwa, Nyanya na bahari wameachana.

Jumapili ya mwisho kabla ya Ramadhani, mtaa wetu huhamia pwani kuvunja jungu. Kwa asiyejua, ni siku ya kula kana kwamba serikali imepiga marufuku chakula kuanzia kesho. Kila nyumba na sufuria yake, kila sufuria na mkeka wake. Nyanya hupika pilau, na ana sheria moja ambayo hata polisi hawana: hakuna mtu anayepita machoni pake wakati wa kula bila kuambiwa karibu. Hajali ni nani. Siku moja alikuja fundi wa kutukatia umeme. Akaambiwa karibu, akala mahamri na mbaazi, akanawa mikono, kisha akapanda nguzo akatukatia umeme. Sisi tulizomea. Nyanya akasema, "Lakini si ameshiba?"

Yashikeni hayo, yanarudi.

Geti lilianza kama habari njema. Hoteli ilipata meneja mpya, mtu wa bara, mpole wa maneno, akatangaza kwamba wanaomba beji ya utalii usioharibu mazingira. Mojawapo ya masharti yake ni kuajiri wenyeji. Mjomba wangu, kitinda mimba wa Nyanya, aliyekuwa amekaa barazani akichezea simu mpaka baraza likachukua umbo lake, akaajiriwa. Tulifurahi. Akapewa sare ya kijani, buti na kirungu. Kisha akaonyeshwa kazi yenyewe: geti jipya la chuma, mwisho wa kichochoro, alilinde.

"Ni kwa ajili ya kasa," akatueleza jioni ile. "Kasa wataga pale chini. Watu wakipitapita usiku, wawasumbua."

"Na kasa wakija wanaonyesha kitambulisho?" nikamwuliza.

"Nyamaza wewe."

"Nauliza tu, mjomba. Wengine wana sura za watu wa Kisauni, utawajuaje?"

Nyanya hakucheka. Alitaka kujua geti litafungwa lini. Mjomba akatazama buti zake. Kwa sasa, akasema, linafungwa usiku tu. Lakini beji ikipatikana litafungwa moja kwa moja, na anayetaka kushuka pwani atakwenda kujiandikisha kule mbele, mapokezi. "Si sisi, mama. Ni watu wa beji. Wataka pwani iwe na mpangilio, watu wahesabike."

"Kasa wataga hapo tangu mie sijazaliwa," Nyanya akasema, "na hapana hata mmoja aliyeniomba nimpishe." Akafikiri kidogo. "Huyo mtu wa beji, ana tumbo?"

"Ana, mama. Kila mtu ana tumbo."

"Basi nitasema naye."

Hakumwomba mwanawe aliache geti wazi. Angeweza kumwomba, na Mjomba angeliacha, na angefukuzwa kazi kabla ya adhuhuri. Nyanya hakutaka mwanawe arudi barazani kwa sababu ya magoti yake. Aliona kwamba mlinzi hana usemi, na meneja anasema amri si yake ni ya watu wa beji, kwa hiyo amebaki mtu mmoja tu, huyo anayekuja kukagua. Na mtu akishakula sinia moja na wewe, hawezi kukufungia mlango usoni. Hivyo ndivyo Nyanya anavyoamini. Mtaa wetu wote unaamini hivyo. Ndiyo maana umeme wetu hukatwa na watu walioshiba.

Mkaguzi akapangiwa kuja Jumapili ile ile ya vunja jungu. Meneja alikuja nyumbani kwetu mwenyewe, akakaa ukingoni mwa kiti, akauliza kwa adabu kama hatuwezi kuisogeza sherehe wiki moja mbele.

"Wiki moja mbele ni Ramadhani, baba," Nyanya akamwambia.

"Hata siku tatu nne hivi?"

Nikamshauri auandikie mwezi barua. Mamangu akanifinya.

Siku yenyewe nilianza kazi asubuhi. Nilikuwa mwanachama wa chama cha mazingira cha shule yetu, kwa sababu chama hicho hupewa soda. Hoteli ilitualika kusafisha pwani mbele ya mkaguzi. Tukagawiwa fulana za kijani, glavu na mifuko mikubwa, tukashuka ufukweni kwa vishindo. Hapakuwa na taka. Hata moja. Vibarua walikuwa wamepiga reki tangu alfajiri, wakaondoa hadi mwani, mchanga ukanyooka kama shuka ya hospitali. Tukasimama pale na mifuko yetu mitupu kama watu waliofika kwenye harusi iliyokwisha.

Mwalimu wetu akamtazama meneja. Meneja akapiga simu. Si kitambo ikaja pikapu kwa nyuma, vijana wawili wakashusha magunia na kuanza kumwaga taka mchangani, kidogo hapa, kidogo kule, kwa ustadi, kama watu wanaopanda mahindi. Chupa, kandambili, mirija, sahani za plastiki.

"Haya, watoto," meneja akapiga makofi. "Okoteni!"

Niliinama kuokota nikakutana na uso ninaoujua. Kilikuwa kichwa cha mwanasesere, jicho moja limetoka, nywele zimeungua upande. Wallahi nilikijua. Nyuma ya darasa letu kuna shimo ambamo lori la hoteli humwaga taka zake kila wiki, na harufu yake ndiyo hutuzuia kulala kipindi cha hesabu. Kichwa kile kilikuwa kimekaa juu ya rundo tangu muhula wa kwanza, kinatutazama dirishani bila kupepesa, mpaka darasa zima tukakipa cheo cha mwalimu wa zamu. Sasa mwalimu wa zamu yuko pwani. Yaani taka zilitoka hotelini, zikahamia shuleni, zikarudishwa pwani kupigwa picha, na mchana huo huo zingerudi shimoni. Zilitembea kuliko watalii.

Kufikia hapo pikapu imeshaondoka na mkaguzi ameshafika. Mtu wa Nairobi, mnene kiasi, kofia pana, uso wa kutabasamu hata anapotazama pipa. Nikamwinulia kile kichwa.

"Huyu namjua," nikasema. "Anakaa nyuma ya darasa letu, kwenye taka za hoteli. Ameletwa na pikapu sasa hivi."

Mkaguzi akacheka mpaka akashika kofia isianguke. "Watoto wa Coast mna vituko!" Akanipiga picha, mimi na mwalimu wa zamu, bega kwa bega. Mwalimu wangu halisi akanitupia jicho la kuniahidi Jumatatu. Nilirudia maneno yangu polepole, bila kucheka. Akacheka zaidi. Mtu akishajulikana kwa mzaha, akisema ukweli watu husubiri mwisho wake wacheke.

Kufikia adhuhuri mikeka ilikuwa imetandikwa ufuko mzima. Nyanya alikuwa ameshaingia kidimbwini kwake, ametoka, amebadili nguo, na sinia liko mbele yake limefunikwa kwa kawa jekundu la ukindu, lile analolifunua mgeni akishanawa. Mkaguzi akaja akitembea kando ya maji. Meneja alikuwa ubavuni mwake, anamvuta kwa maneno akaone paneli za umeme wa jua.

"Sasa, shosho!" mkaguzi akasalimia.

Nyanya akangoja shikamoo kama mtu anayengoja chenji dukani. Haikuja. Akasamehe. "Karibu, mwanangu. Karibu pilau."

Nimpe haki yake, yule bwana alijua kula. Alivua viatu, akanawa, akakunja miguu, akala kwa mkono bila kuona haya. Akasifu, akaongezewa. Akasifu tena, akaongezewa tena. Nyanya akamchambulia nyama laini na kumsogezea upande wake wa sinia, jambo ambalo mimi mjukuu wake hufanyiwa nikiwa na homa tu. Alipoona ameshiba, akaanza.

"Mwanangu, hiyo njia ya hapo, mie napita tangu nikiwa mwari. Magoti yangu haya, dawa yake ni maji haya. Naambiwa mukiweka beji yenu njia yafungwa. Sina ugomvi na hoteli. Nakuomba njia tu."

"Nimekusikia, shosho," mkaguzi akasema, mkono kifuani. "Hiyo nitaandika. Lazima nitaandika."

Meneja alikuwa amesimama juani, uso umekunjamana. Lakini mkaguzi alipotoa simu na kuanza kupiga picha za sinia, za watoto, za Nyanya, za mikeka yote, ule uso ukaanza kukunjuka. Akamnong'oneza mtu. Wakaja vijana mbio na bango la hoteli, lile refu la kitambaa lenye miguu ya chuma, wakalisimamisha nyuma yetu. Kivuli chake kikamwangukia Nyanya.

"Allah akulipe, baba," Nyanya akamwambia meneja. "Jua lilikuwa kali."

Alimshukuru. Hilo ndilo linaloniamsha na hasira mpaka leo. Tulipika sisi, tukatandika sisi, tukamlisha hakimu sisi, wakaja kutuwekea jina lao mgongoni, na tukawaombea dua.

Beji ilifika baada ya Idi. Majani matatu. Mjomba alirudi jioni, akaweka simu mezani tuone picha aliyoipiga kwa siri pale mapokezi. Ukutani, mkubwa kama mlango, yuko Nyanya, mkono juu ya sinia. Mkaguzi yuko kando yake, mashavu yamejaa, na bango liko nyuma yao. Chini yake pameandikwa kwamba hii ni karamu ya kila mwaka ambayo hoteli huiandalia jamii. Mjomba akatuambia meneja aliwakusanya wafanyakazi akawasomea mambo waliyosifiwa, na lililopata alama nyingi kupita yote ni uhusiano mwema na wenyeji.

Nyanya aliishika simu mbali na macho yake, akaitazama. "Wameandaa wao?" akauliza. "Na vitunguu nimekata mie?"

"Na ile njia, mama." Mjomba alikuwa akiongea na meza. "Amri imekuja. Kuanzia kesho geti halifunguliwi. Na kule mapokezi wanaoandikishwa ni wageni waliolipa tu."

"Kwani si alisema ataandika?"

"Ameandika, Nyanya," nikasema. "Hakusema ataandika nini."

Nisidanganye, kuna mambo hoteli imefanya. Mirija ya plastiki imekwisha. Sasa ni ya karatasi, inayolainika kabla hujamaliza soda. Mayai ya kasa yamezungushiwa vijiti. Mchanga wa mbele ni safi, nimeuona kwa kuchungulia. Mjomba anapata mshahara. Rafiki yangu wa dawati moja huniuliza, "Sasa wewe wataka wachafue?" Nataka wahesabu vyote, basi. Beji inaiuliza hoteli habari za hoteli, na hoteli inajibu vizuri sana, kama mimi ningepewa mtihani wangu nijisahihishie. Hakuna aliyekwenda kukiuliza kisima cha msikitini kwa nini kimeanza kuwa na chumvi tangu hoteli ichimbe vyake virefu vya kujaza bwawa la kuogelea. Hakuna aliyeliuliza shimo la nyuma ya darasa letu. Hata mwani wenyewe wanauondoa kila alfajiri ili mgeni asikanyage kitu kinachoteleza, na mchanga uliokuwa ukishikwa na mwani ule unakwenda na maji, mpaka mizizi ya mivinje imebaki nje kama meno. Ukaguzi unaanzia kwenye ukuta wa hoteli na kuishia kwenye ukuta wa hoteli. Bahari haijui ukuta ule. Chumvi haiujui. Harufu ndiyo haiujui kabisa, niulizeni mimi kipindi cha hesabu. Lakini kibao kiko getini, na mgeni aliyelipa zaidi ili alale na moyo mweupe, analala.

Nikiyasema haya darasani naitwa mheshimiwa diwani.

Nyanya hakushuka tena. Magoti yakaanza kuvimba. Siku moja ya bamvua, mimi na binamu zangu tulimkalisha kwenye kiti cha plastiki tukambeba hadi jabalini tumteremshe. Ngazi ya kwanza tukaiweza. Kwenye ya pili kiti kikaelemea upande, Nyanya akakishika kichwa changu kama usukani.

"Nirudisheni," akasema. "Sitaki kufa kwenye kiti cha plastiki."

Tulicheka njia nzima kurudi, yeye akituongoza. Tulipofika nyumbani akaomba beseni na maji moto, akatia chumvi ya dukani, akaweka miguu humo na kufumba macho. Nikatoka nje nikaenda kumzomea mbuzi.

Shaaban, mwezi unaoitangulia Ramadhani, ikaja tena. Nje ya hoteli wakasimamisha tangazo: Bufe ya Vunja Jungu, kando ya bwawa, pilau ya asili. Meneja akamwuliza Mjomba kama mamake angependa kuja kupika mbele ya wageni, ameketi kwenye mkeka, kwa muda mfupi tu. Mjomba hakuweza kumwambia mamake. Aliniambia mimi, nami nikamwambia Nyanya, kwa sababu jambo chafu namna hiyo siwezi kulala nalo peke yangu. Nyanya aliendelea kupepeta mchele.

"Mtele wao wapepete wenyewe," akasema.

Jumapili ilipofika alivaa, akashika mkongojo, akaingia kichochoroni, sisi nyuma yake na sufuria. Tulidhani anataka kuchungulia tu. Alipofika getini akasimama.

"Tandika hapa."

"Hapa njiani, Nyanya?"

"Miguu yangu imefika hapa."

Tukatandika. Mkeka ukajaza kichochoro kuanzia ukuta hadi mabati. Mimi nilikuwa nimemleta mwalimu wa zamu kwenye mfuko. Nilimfuata shimoni mwenyewe nikamwosha uso. Nikamweka juu ya nguzo ya geti, kando ya kibao, ashike zamu. Mjomba alikuwa upande wa pili wa nondo, sare imepigwa pasi, anatazama kila kitu isipokuwa sisi. Nyanya akajaza sahani, akaipitisha katikati ya nondo.

"Karibu, mwanangu. Kula."

Alikula amesimama, ameipa hoteli mgongo.

Beji hukaguliwa upya kila mwaka, na siku ndiyo ile ile, kwa sababu karamu yetu ilikuwa imewapendeza. Mkaguzi akaja kutokea barabarani, kofia ni ile ile. Alitaka kuiona njia ambayo, kwa maandishi ya hoteli, jamii huitumia kushuka pwani. Meneja alikuwa akimngoja ndani na ufunguo mkononi. Kwa huyu, geti lingefunguliwa.

"Shikamoo, shosho!" mkaguzi akasema. Alikuwa amejifunza.

"Marahaba," Nyanya akaitikia, kwa sababu shikamoo huitikiwa hata itoke kwa nani.

Kisha hakusema kitu.

Sinia lilikuwa wazi, mvuke unapanda. Mkaguzi alikuwa ameshainama kufungua kamba za viatu. Nyanya akanyoosha mkono, akachukua kawa, akaliweka juu ya sinia, akalisawazisha pande zote. Mwizi wa kuku tuliyemshika mwaka juzi aliambiwa karibu kabla hatujampeleka kwa mzee wa mtaa. Mkata umeme aliambiwa karibu. Sikuwahi kufikiri kwamba Nyanya anajua kunyamaza vile. Binamu zangu walikazia macho mkeka. Mamangu aliacha kupepea nzi.

"Leo ni pilau tena?" mkaguzi akauliza, bado ameinama, kamba mkononi.



"Mama," meneja akaita, ufunguo unagonga kufuli, "mpisheni mgeni apite."

"Hapapitiki," Nyanya akasema bila kugeuka. "Pana mtu mgonjwa wa magoti ameketi."

"Ni hapa tu, mama, ni hatua chache."

"Na jabalini ni hatua chache. Mtaa wote wapita huko sasa."

"Ni njia nzuri, mheshimiwa," nikaongeza. "Ila lile jiwe jeusi la chini usiliamini."

Mamangu hakunifinya.

Angeweza kuuvuka mkeka ule. Alikuwa na miguu mirefu. Lakini alikuwa amekula kwetu, na kuruka chakula cha watu mbele ya macho yao kulimshinda hata yeye. Kwa hiyo imani ya Nyanya haikuwa ya bure kabisa. Ilikuwa na nguvu, ilifika mpaka hapo tu. Mkaguzi akafunga tena kamba zake, akalitazama kawa mara ya mwisho, akageuka kwenda jabalini. Meneja akakimbia kwa ndani kumpokea chini. Maji yalikuwa yanajaa.

Nilipanda juu ya pipa la kijani linalosema hifadhi mazingira, nikachungulia juu ya mabati. Nikamwona akiteremka kinyumenyume, amelikumbatia jabali, kofia imebebwa na upepo. Lile jiwe jeusi aliliamini.

"Amefika?" Nyanya akauliza kutoka chini.

"Amefika. Amelowa mpaka mapajani."

"Na magoti yake?"

Nikatazama vizuri. Alikuwa amesimama mchangani anakamua suruali, meneja anampangusa kwa taulo la hoteli.

"Mazima, Nyanya."

"Basi hajajua bado," akasema, akafunua kawa, akanichambulia nyama laini akanisogezea upande wangu.